Kutoka Kikosini hadi Usukani wa Lori: Mwongozo kwa Kijana na Familia Yake

Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa, na baadaye eneo hilo likawa makao ya Kikosi cha 825 KJ cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kaskazini zaidi, katika Wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo, kipo Kikosi cha 824 KJ Kanembwa. Vijana wa kujitolea hupata mafunzo na malezi katika vikosi hivi, kisha wengi hurejea uraiani kutafuta riziki. JKT yenyewe huwatangazia mapema kwamba haitoi ajira wala haiwatafutii.

Miongoni mwa wanaorejea wapo waliojifunza kushika usukani na kutunza gari wakiwa kikosini. Kwa mkazi wa Kasulu, kazi ya lori iko mbele ya macho yake. Mahindi, maharage na mihogo husafirishwa kwenda masokoni, saruji huletwa mjini, na chakula hupelekwa katika kambi ya Nyarugusu. Barabara zinamfikisha dereva Kigoma, Manyovu mpakani mwa Burundi, au Nyakanazi kwa kupitia Kibondo na Kakonko. Katika makala haya tunaeleza taratibu za kuifikia kazi hiyo kihalali, ili fedha ya familia isipotee na haki za kijana zisipuuzwe.

Uzoefu ni mtaji, leseni ni sharti

Nidhamu, ukaguzi wa gari kabla ya safari na uvumilivu wa safari ndefu ni mambo ambayo mwajiri yeyote makini huyathamini. Hata hivyo, ruhusa ya kuendesha gari la kikosi haimpi mtu idhini ya kuendesha lori la mfanyabiashara. Kwa kazi hiyo anahitaji leseni ya udereva ya daraja linalohusika.

Daraja D humruhusu dereva kuendesha magari ya kawaida, isipokuwa pikipiki, magari makubwa na magari ya abiria. Lori kubwa huhitaji daraja E, na mwombaji wa daraja hilo anatakiwa kwanza awe na leseni hai ya daraja D kwa muda usiopungua miaka 3. Kinachohesabiwa ni muda wa kuwa na leseni. Kijana aliyezoea magari ya kikosi kwa miaka 2 lakini hakuwahi kukata leseni ya daraja D hujikuta anaanza hesabu hiyo siku anayoipata.

Kwa sababu hiyo, tunamshauri anayerejea uraiani aombe leseni ya daraja D bila kuchelewa, badala ya kusubiri kwanza apate tajiri wa lori. Katika miaka hiyo 3 anaweza kuendesha pikapu au kirikuu, au kufanya kazi ya utingo huku akijifunza kupanga mzigo, kufunga turubai na kusoma hati za mzigo. Aliyejifunza ufundi wa magari bila cheti aulize VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Cheti hicho kitamwongezea thamani, ingawa hakichukui nafasi ya leseni.

Jihadhari na vishoka

Muda huo wa miaka 3 ndio unaowapa vishoka nafasi. Humwendea kijana au mzazi wake na kuahidi daraja E ndani ya wiki moja, bila darasa wala jaribio. Familia iliyouza mazao ili kumsaidia mtoto wao inaweza kupoteza kila kitu kwa siku moja.

Njia halali ni hii. Mwombaji huwa na leseni ya muda ya kujifunzia, husoma katika chuo kinachotambuliwa, kisha hupimwa na Polisi wa Usalama Barabarani. Akifaulu, hukamilisha taratibu katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambako huchukuliwa picha na alama za vidole. Mtu anayedai kwamba mwombaji hahitaji kufika mwenyewe anatoa ahadi ya kutiliwa shaka. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi.

Kabla ya kulipa ada ya chuo, omba kuona usajili wake, magari ya kujifunzia na ratiba, na udai stakabadhi. Mafunzo ya magari makubwa hutolewa pia na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Dar es Salaam. Tena, kwa mujibu wa Kanuni za mwaka 2020, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) huthibitisha madereva wa vyombo vya moto vya kibiashara. Fika ofisi ya mamlaka hiyo mkoani Kigoma upate masharti yanayokuhusu.

Mkataba kabla ya funguo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwamo kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, saa za kazi na ujira. Posho ya safari isichanganywe na mshahara, kwa kuwa posho ni ya kukidhi mahitaji ya njiani.

Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Pamoja na saa za ziada, kazi haipaswi kuzidi saa 12 kwa siku. Mwajiri anatakiwa kuchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ni wake peke yake, haukatwi katika mshahara wa dereva.

Malalamiko mengi huzuka mafuta yanapopungua au gunia linapopotea. Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa kukisia. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, ielezwe kwa maandishi pamoja na kiasi chake, na mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea. Hata hapo, makato ya namna hiyo hayaruhusiwi kuzidi robo ya ujira. Mwenye mshahara wa shilingi 400,000 hawezi kukatwa zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwezi kwa ajili ya hasara hiyo.

Amri ya tajiri na sheria ya barabara

Aliyelelewa kikosini amezoea kutekeleza agizo bila kuhoji. Uraiani, tajiri akiagiza gari lizidishwe mzigo au liharakishwe usiku kucha, dereva anayetii ndiye anayekamatwa barabarani, na pengine ndiye anayepoteza maisha yake na ya wengine. Mwendo wa juu wa gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 ni kilometa 80 kwa saa, na 50 katika maeneo ya makazi. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika nchini Machi 1, 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na gari lenye ekseli chache huruhusiwa uzito mdogo zaidi. Kukataa agizo lililo kinyume cha sheria hakumfanyi dereva kuwa mkaidi.

Ukipata tatizo

Mgogoro wa kazi upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tangu alipoachishwa, na migogoro mingine ni siku 60. Kuhusu leseni, wasiliana na TRA, na kuhusu chuo kisichotambuliwa au kishoka, toa taarifa Polisi. Tunza nakala za mkataba, stakabadhi na hati za kila safari, kwa maana ndizo zitakazokusemea siku ya shauri.