Oksijeni Kidogo Yamtosha: Bakteria wa Vidonda vya Tumbo



Darasani tunafundishwa kwamba viumbe vingi huhitaji oksijeni ili viishi. Lakini wapo bakteria ambao wakiikosa hawakui, na wakipewa nyingi hufa. Wataalamu huwaita maikroaerofili, yaani wapenda oksijeni kidogo.

Mmoja wao ni Helicobacter pylori, anayeishi kwenye ute uliofunika ukuta wa ndani wa tumbo la mwanadamu. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Yeye hustawi penye asilimia 5 hivi.

Kwa nini? Bakteria hana mapafu. Kupumua kwake ni kuvunja chakula ndani ya seli ili apate nguvu, na mwishoni oksijeni hugeuzwa kuwa maji. Anacho kimeng'enya kinachoinasa oksijeni hata ikiwa chache sana. Lakini vimeng'enya vyake vingine, vinavyovunja chakula hicho, huharibika oksijeni ikizidi. Pia oksijeni nyingi huzaa kemikali kali zinazoiumiza seli. Ni mfano wa chumvi mchuzini: ikikosekana mchuzi haunogi, ikizidi hauliki.

Madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa mji wa Perth, Australia, walijaribu kumwotesha kwenye visahani vilivyowekwa penye oksijeni iliyopunguzwa. Kila mara visahani vilitupwa baada ya siku mbili, vikiwa vitupu. Mwaka 1982, kwa sababu ya sikukuu, viliachwa siku tano hivi, na bakteria wakaonekana. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Elimu hii yatufaa nini? Zamani ilidhaniwa kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili. Leo tunajua kwamba vingi husababishwa na bakteria huyu, na vingine na dawa za maumivu kama aspirini. Kwa hiyo mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha asivumilie tu nyumbani; aende hospitali akapimwe. Akikutwa na bakteria huyu, hupewa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Asiziache akipata nafuu, kwani bakteria wanaobaki wanaweza kuwa sugu.

Tunawaomba wanafunzi wawafikishie habari hii wazee wetu nyumbani.