TB na Virusi vya Ukimwi: Usingoje Kumaliza Dawa za Kwanza

Leo tunajibu swali hili: mgonjwa wa TB akipatikana pia na virusi vya Ukimwi, aanze dawa zipi?

Zamani madaktari wengi walimaliza kwanza matibabu ya TB, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6, ndipo wakaanzisha ARV. Walihofia wingi wa vidonge, na dawa kugongana mwilini. Lakini virusi havingoji. Huendelea kula kinga ya mwili, na wagonjwa walifariki wakisubiri.

Huko Durban, Afrika Kusini, mwanasayansi Salim Abdool Karim na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 642 wenye maradhi yote mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Walioanza ARV wakiwa bado kwenye dawa za TB, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 56 kuliko vya waliosubiri. Hiyo ni zaidi ya nusu!

Siku hizi ARV huanzishwa mapema, mara nyingi ndani ya wiki 2 za kuanza dawa za TB. Ikiwa TB imeshika ubongo, daktari husubiri zaidi kidogo.

Basi mama, ukiona mtu wa nyumbani anakohoa, ana homa, anakonda au anatoka jasho usiku, au mtoto haongezi uzito, mpeleke kituo cha afya apimwe TB na virusi. Akipewa dawa zote mbili, asiache hata moja kwa kuogopa wingi wake. Akisumbuliwa nazo, arudi kwa daktari. Nawe mkumbushe kila siku.

Kwaheri hadi kipindi kijacho.