Kazi Imetangazwa: Wasifukazi wa Kukufikisha Mbele ya Jopo, na Namna ya Kujibu Ukifika

Kila mara Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti inapotangaza nafasi za kazi, simu za ofisi yetu ya mawasiliano hazinyamazi. Swali la kwanza huwa, "Siku ya mwisho ya kutuma maombi ni lini?" Swali la pili huja wiki kadhaa baadaye, orodha ya walioitwa kwa mahojiano ikishabandikwa: "Mbona jina langu halimo, na masomo ninayo?"

Wanaouliza swali hili la pili si wavivu. Wengi wana vyeti na uzoefu, na wametumia kwa nauli na saiba pesa ambazo zingenunua unga. Mara nyingi kilichowaangusha ni karatasi zao kutosema kile wanachokijua. Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa wasifukazi, au sivii kama wengi tunavyouita, na namna ya kujieleza ukiitwa mbele ya jopo.

Anza na tangazo, usianze na saiba

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka Bodi itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa sababu yoyote huachwa nyuma. Kwa hivyo tangazo ni la wote. Lakini wengi hulisoma juujuu, wakaona cheo na mshahara, wakakimbilia kutuma.

Keti nalo na kalamu. Pigia mstari kila sharti. Tuseme nafasi ni ya mwalimu wa shule ya chekechea, kazi ambayo Katiba imeiweka chini ya kaunti. Tangazo linaweza kutaka cheti cha KCSE, cheti au stashahada ya elimu ya chekechea, na usajili wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Hayo ni masharti matatu. Afisa anayechambua maombi huwa na orodha hiyo mezani, na kwa kila ombi anatafuta mambo hayo matatu. Mwalimu aliyesajiliwa lakini hakuandika nambari yake ya usajili wala kuambatisha nakala, mbele ya afisa huyo ni sawa na mwalimu asiyesajiliwa. Afisa hana ruhusa ya kukisia.

Angalia pia nambari ya tangazo, namna ya kutuma na saa ya mwisho. Wakisema maombi yatumwe mtandaoni, bahasha uliyoiacha kwa mlinzi langoni haihesabiki. Na usingoje siku ya mwisho. Siku hiyo mtandao hulemewa, na stima yaweza kupotea.

Wasifukazi: kurasa mbili au tatu zinatosha

Hakuna haja ya rangi, picha wala maua pembeni. Tumia mwandiko mmoja unaosomeka, na upange mambo hivi:

1. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya simu inayopatikana, na baruapepe. Baruapepe iwe ya jina lako, isiwe ile ya utani uliyofungua ukiwa kidato cha pili.
2. Sentensi mbili au tatu kueleza wewe ni nani kikazi na umefanya kazi hiyo kwa muda gani.
3. Uzoefu wa kazi, ukianza na ya sasa kurudi nyuma. Kila kazi iwe na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza.
4. Elimu na mafunzo, ukianza na ya juu kabisa, pamoja na mwaka na gredi.
5. Usajili wa kitaaluma na nambari yake, ikiwa kazi inahitaji.
6. Lugha na ujuzi mwingine unaohusiana na kazi.
7. Warejelewa watatu, pamoja na vyeo na simu zao. Waombe ruhusa kwanza. Mrejelewa akipigiwa simu naye hakukumbuki, hapo umejiharibia mwenyewe.

Sehemu inayowapa watu shida zaidi ni uzoefu. Mwombaji huandika, "Mwalimu, 2019 hadi 2024," akaishia hapo. Linganisha na maneno haya: "Mwalimu wa chekechea, Januari 2019 hadi Novemba 2024. Nilifundisha darasa la watoto 42 wa miaka minne na mitano, nikaweka rekodi ya mahudhurio na ya maendeleo ya kila mtoto, na kuongoza mikutano ya wazazi kila muhula." Kazi ni ile ile, lakini sasa msomaji anaiona.

Wapo wanaosema, "Mimi sijawahi kuajiriwa." Ukiwauliza zaidi, unakuta mmoja amekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kwa miaka mitano, mwingine ameendesha duka la mamake na kuandika hesabu, mwingine amekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini. Hiyo ni kazi. Iandike ilivyo: ulisimamia nini, watu wangapi, kwa muda gani. Usiipe cheo ambacho haikuwa nacho, lakini usiifiche pia.

Kuhusu kutia chumvi, tuseme wazi. Bodi huhakikisha vyeti kwa taasisi zilizovitoa. Kughushi cheti ni kosa la jinai, na mahakama zetu zimewahi kuamuru watu walioingia kazini kwa vyeti bandia warudishe mishahara waliyokuwa wamelipwa. Gredi ya D+ ya kweli ina thamani kuliko C+ ya kuchapisha mjini.

Barua, majina na vyeti

Barua ya kuomba kazi iwe ya ukurasa mmoja. Taja kazi na nambari ya tangazo, eleza kwa aya mbili jinsi unavyotimiza masharti makuu, kisha funga. Barua moja isitumwe kwa nafasi tano tofauti. Afisa huitambua mara moja, hasa unapoomba udereva kwa barua inayosifu mapenzi yako kwa uuguzi.

Hakikisha majina yanaoana. Ikiwa cheti cha shule kina jina moja na kitambulisho kina jingine, kama inavyotokea kwa dada zetu wengi baada ya ndoa, pata hati ya kiapo mapema kwa wakili au kamishna wa viapo, kisha uiambatishe.

Kuna pia vyeti ambavyo watu huviita vya Sura ya Sita, kwa kurejelea sehemu ya Katiba inayohusu uongozi na uadilifu: cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, cheti cha kodi cha KRA, na vibali vya HELB, EACC na shirika la kumbukumbu za mikopo. Wengi hukopa pesa ili kuvipata kabla hata hawajaorodheshwa. Jueni kwamba Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asidai vyeti hivi isipokuwa anakusudia kumpa mhusika mkataba wa maandishi. Soma tangazo linavyosema, na usitoe hata shilingi kwa kitu ambacho hakijaitishwa.

Usishtuke fomu ikikuuliza kaunti unakotoka, kabila, au kama una ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zijazwe na watu wasio wa jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Bodi haiwezi kutimiza hilo bila kuuliza. Ikiwa una ulemavu, taja, ambatisha nakala ya kadi yako ya usajili, na useme unahitaji usaidizi gani siku ya mahojiano, kwa mfano mkalimani wa lugha ya ishara au chumba cha ghorofa ya chini.

Siku ya mahojiano

Ukiitwa, tayari umewashinda wengi. Panga vyeti halisi na nakala kwenye faili kwa utaratibu wa wasifukazi wako. Kama hujui jengo, uliza kabla ya siku yenyewe. Anayetoka wadi ya mbali asitegemee matatu ya kwanza peke yake. Ukiweza, lala kwa jamaa karibu na mjini. Nguo iwe safi na ya heshima, na si lazima iwe suti. Hakuna alama za tai ya kukopa.

Jopo huwa na watu kadhaa, na kwa kawaida kila mmoja ana karatasi yake ya alama. Kwa hivyo msalimie kila mmoja kwa macho, na ujibu wote, si yule tu aliyeuliza. Karibu kila mara swali la kwanza ni, "Tueleze kukuhusu." Mimi mwenyewe, nilipotoka chuoni na shahada yangu ya uanahabari, nililijibu swali hili kwa kuanza na kijiji nilikozaliwa, nikapita shule ya msingi, nikafika kwa nyanya aliyenilea. Mwenyekiti akatazama saa. Dakika nne zilikuwa zimekwisha, nami sijagusa kazi niliyoomba. Kazi sikupata, na sikuwa na wa kumlaumu.

Jibu zuri halizidi dakika mbili: umesomea nini, umefanya kazi gani inayofanana na hii, na kwa nini unaitaka nafasi hii.

Maswali mengine hutaka mfano. "Tupe wakati ulipokabiliana na mzazi mwenye hasira." Usijibu kwa kusema ungefanya nini. Eleza ulichofanya: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, na mwisho ulikuwa upi. Kwa mfano: "Mzazi alikuja akilalamika kwamba mtoto wake ameumizwa darasani. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilimpa kiti, nikamsikiliza hadi mwisho, nikamwonyesha rekodi ya siku hiyo, kisha tukaenda pamoja kwa mwalimu mkuu. Tulikubaliana watoto wasibaki peke yao wakati wa mapumziko, na mzazi huyo baadaye akajiunga na kamati." Andaa mifano mitatu au minne ya namna hii nyumbani, na uiseme kwa sauti mbele ya mtu atakayekukosoa bila huruma.

Tarajia pia kuulizwa kuhusu kaunti yenyewe. Soma Jedwali la Nne la Katiba ujue majukumu ya kaunti: kilimo, afya, elimu ya chekechea, barabara za kaunti, kuzima moto na mengineyo. Soma Kifungu cha 232 kuhusu maadili ya utumishi wa umma. Pitia mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, angalau sehemu ya idara unayoomba. Anayeomba kazi ya afisa wa kilimo na hajui wakulima wa kaunti hii wanapanda nini, amejijibia.

Usipojua jibu, sema, "Hilo sina uhakika nalo, lakini ningelitafuta kwa njia hii." Kubahatisha kwa kujiamini hugharimu alama zaidi kuliko kukiri. Mwishoni ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza jambo kuhusu kazi: mwajiriwa atapimwa kwa vigezo gani, au mafunzo yapo. Kisha shukuru, chukua faili lako, utoke.

Ujue pia haki zako. Sheria ya Ajira inakataza kumbagua anayetafuta kazi kwa sababu ya ujauzito, ulemavu, dini, kabila au hali ya virusi vya ukimwi.

Nafasi ya kazi haiuzwi

Kila tangazo linapotoka, hutokea watu wanaodai wana mkono ndani ya Bodi. Huomba pesa kwa M-Pesa "za kusukuma faili". Familia nyingi zimeuza mbuzi, hata kipande cha shamba, na nambari ile ikazimwa siku ya pili. Bodi haitozi ada ya maombi, ya kuorodheshwa wala ya mahojiano. Tena, chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia. Ukiombwa pesa, hifadhi ujumbe na nambari, kisha piga ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi kwa simu ya bure 1551.

Ukiamini kwamba hukutendewa haki, usiishie kulalamika sokoni. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinakuruhusu kukata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 90 tangu uamuzi utolewe. Eleza nafasi uliyoomba, tarehe, na jambo linalokulalamisha, na uambatishe ushahidi.

Nafasi huwa chache kuliko waombaji, na hata aliyejiandaa vyema anaweza kukosa. Akikosa, asitupe faili. Alichokiandika vizuri mara moja kitahitaji marekebisho madogo tu tangazo lijalo likitoka. Kwa wasio na intaneti, matangazo huulizwa pia katika ofisi ya msimamizi wa wadi iliyo karibu nawe. Nenda na kalamu, na ulisome tangazo lote mpaka mwisho.