Kijana anapokaidi nyumbani, mzazi asimamie wapi?

KATIKA nyumba nyingi za Jiji la Dodoma, ugomvi kati ya mzazi na kijana wake wa sekondari huanza kwa jambo dogo. Huwa ni saa ya kurudi nyumbani, simu inayochezewa hadi usiku wa manane, au vyombo vilivyoachwa bila kuoshwa.

Mara nyingi ugomvi huo huishia pabaya, pale mzazi anapotamka kwa hasira maneno ambayo majirani wa Chang'ombe au Nkuhungu si wageni nayo: "Hapa ni kwangu. Kama hutaki kutii, fungasha uondoke."

Ubaya wa maneno hayo hauko katika ukali wake pekee. Mzazi aliyekwisha kuyatamka hana hatua nyingine ya kuchukua. Kijana akibaki, amekwisha kujua kwamba tishio lilikuwa la bure. Akiondoka, mzazi amejiingiza katika kosa.

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inamtambua kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa ni mtoto. Inamtaka mzazi au mlezi ampatie chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na haisemi popote kwamba haki hizo hukoma mtoto anapokuwa mkaidi. Ilipotungwa, iliweka faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, kwa anayekiuka haki hizo.

Wapo wazazi wanaolalamika kwamba sheria hiyo ndiyo iliyowafunga mikono. Hata hivyo, anayeisoma ataona kuwa lawama hizo zimezidi kipimo. Sheria hiyo hiyo inampa mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi, walezi na wazee wakati wote na kuwasaidia wanapohitaji. Haikufuta haki ya mzazi ya kuonya na kurudi. Inachokataza ni mateso, na adhabu inayopita kiasi kwa kuzingatia umri na hali ya mtoto kimwili na kiakili.

Katazo hilo halikuja bila sababu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kipigo pekee kingeleta utii, malalamiko kuhusu vijana yangekuwa yamekwisha siku nyingi.

Basi mpaka thabiti huwekwaje?

Kwanza, masharti yawe machache. Mzazi anayegombana kuhusu mtindo wa nywele asubuhi, suruali mchana na muziki jioni, hukuta sauti yake imechakaa linapofika jambo zito. Ni afadhali nywele zikaachiwa kanuni za shule, na nguvu ikawekwa pale pasipo na mjadala: kulala nje, kutoroka masomo, ulevi, wizi, na kumpiga au kumtukana mtu wa nyumbani. Dada wa kazi naye ahesabiwe humo, kwani mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujaribiwa na kijana anayepima mipaka.

Pili, sharti na matokeo ya kulivunja vitajwe mapema, wakati wa utulivu, wala si mlangoni saa tano usiku. Chukua mfano wa saa ya kurudi. Kijana ameambiwa awe nyumbani saa moja jioni, na kwamba akichelewa bila taarifa hatatoka Jumamosi inayofuata. Akirudi saa tatu, hakuna haja ya hotuba. Apewe chakula chake, alale, na Jumamosi asitoke. Jumapili adhabu imekwisha, na haitajwi tena.

Adhabu ndogo iliyotekelezwa ina uzito kuliko kubwa isiyowezekana. "Hutagusa simu mwaka mzima" ni ahadi ambayo mzazi mwenyewe ataivunja wiki ya pili, atakapotaka kujua mwanawe yuko wapi.

Tatu, na hapa ndipo nyumba nyingi huanguka, wazazi wawe na kauli moja. Mama akikataa na baba akatoa nauli kimyakimya, kijana hujifunza kupita katikati yao. Wasipokubaliana, wabishane faragha.

Uthabiti huo hauna maana ya kuziba masikio. Mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, aliyefanya utafiti wake katika miaka ya 1960, alitofautisha mzazi anayeamuru tu, anayeachia kila kitu, na anayeweka masharti huku akieleza sababu na kusikiliza. Ni huyo wa tatu ambaye watoto wake walionekana kujitawala vizuri zaidi. Kijana anaweza kuomba saa ya kurudi isogezwe, naye mzazi anaweza kukubali, ilimradi ombi lije kabla ya kosa.

Kwa Dodoma liko jambo jingine. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia mkoani humo, familia nyingi za watumishi zimehama kutoka Dar es Salaam na kwingineko, zikawaacha mashangazi, wajomba na mababu. Zamani, miongoni mwa jamii za uwanda huu wa kati, kijana hakuachiwa baba na mama peke yao; kulikuwa na jando, rika lake na wazee waliokuwa na ruhusa ya kumkanya. Katika nyumba mpya za Iyumbu au Nzuguni, mzazi anayerudi jioni kutoka Mtumba hubeba kazi hiyo yote akiwa amechoka. Kumtafuta mjomba kwa simu, au mtu mzima ambaye kijana anamheshimu, kunaweza kuokoa mazungumzo yaliyokwama.

Yapo pia yanayozidi uwezo wa familia. Kijana anayetishia kujidhuru, anayejifungia kwa wiki kadhaa au aliyebadilika ghafla anahitaji mtaalamu wa afya. Jina la Hospitali ya Mirembe hufanyiwa mzaha mitaani, na ni hasara, kwa kuwa huduma ya afya ya akili iko hapo hapo jijini.

Kwa ugomvi mzito, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukutana na pande zote mbili. Ipo pia simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, isiyotozwa malipo, ambayo mzazi naye anaruhusiwa kuipiga.