Jicho, Uso, Moyo na Meno: Jeni Moja Tu

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, naomba nianze na aibu yangu. Nikiwa fildi mwaka jana, kulikuwa na binti wa kidato cha pili ambaye kila nikijaza ubao, daftari lake linabaki jeupe. Siku moja nikamsimamisha: "Wewe, umekuja kulala?" Darasa likacheka. Yeye kimya.

Kesho yake akaja mama yake na bahasha ya hospitali. "Mwalimu, huyu haoni ubaoni." Akanieleza: binti alizaliwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa angali mchanga. Jicho la kushoto ni dogo kuliko la kulia. Moyo ulikuwa na tundu. Meno ya utoto yalichelewa mno kung'oka. Nikadhani ni mikosi minne. Kumbe ugonjwa ni mmoja.

Unaitwa sindromu ya OFCD, na ni nadra sana duniani. Chanzo chake ni hitilafu kwenye jeni ya BCOR, iliyotambuliwa mwaka 2004. Mtoto anapoumbwa tumboni, jeni hii husaidia kuzima jeni nyingine kwa wakati wake. Ikiharibika, viungo kadhaa huathirika kwa pamoja. Uso huwa mrefu na mwembamba, ncha ya pua pana. Alama kubwa zaidi imejificha kwenye fizi: mizizi ya meno, hasa ya chonge, huwa mirefu kupita kiasi. Huioni bila picha ya eksirei, ndiyo maana wakati mwingine daktari wa meno ndiye anayeunganisha mambo yote.

Kwa nini wagonjwa ni wanawake? BCOR iko kwenye kromosomu X. Msichana ana X mbili. Moja ikiwa na hitilafu, ya pili inamsaidia kuishi. Mvulana ana X moja tu, hivyo akirithi hitilafu hiyo, mimba kwa kawaida huharibika. Mama mwenye ugonjwa, kila anaposhika mimba, uwezekano wa kurithisha ni nusu kwa nusu. Lakini pia hitilafu inaweza kuanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi wakiwa hawana.

Hapo mama akainamisha kichwa. Baada ya binti kupimwa, naye alipigwa picha ya meno, akakutwa na mizizi ileile. Mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, na ukweni walishamwita mwanamke mwenye mkosi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hakukosea kitu.

Wengi wenye OFCD wana akili za kawaida kabisa. Wanachohitaji kwetu si kikubwa: kiti cha mbele, maandishi makubwa, mwalimu anayesoma kwa sauti anachoandika, na mzazi kuulizwa daktari wa moyo amesemaje kuhusu michezo.

Nilimwaibisha mbele ya darasa, kwa hiyo msamaha nao nikamwomba mbele ya darasa. Akahamia dawati la kwanza. Wiki ile daftari likaanza kujaa.

Tukienda fildi tena, tukikuta daftari jeupe, tuulize kwanza: unaona?