Kwa nini anga la jioni huonekana kama ngazi kwenye video

MAHARUSI jijini Arusha hupenda kurekodiwa jioni, Mlima Meru wenye kimo cha mita 4,566 ukiwa nyuma yao. Hata hivyo, video inapowekwa kwenye runinga, anga lililopaswa kufifia taratibu kutoka buluu hadi nyeusi huonekana limegawanyika katika matabaka.

Chanzo si kamera peke yake. Video ya kawaida ya biti 8 ina viwango visivyozidi 256 vya mwanga kwa kila rangi, na anga la giza hutumia vichache kati ya hivyo. Kila kiwango hutanda eneo kubwa, hivyo mpaka wake huonekana.

Chengachenga ndogo za kamera huficha mipaka hiyo. Lakini programu ya kubana video huzifuta ili kupunguza ukubwa wa faili, na matabaka hujitokeza.

Tiba ya kwanza ni kurekodi, kuhariri na kubana kwa biti 10, yaani viwango 1,024. Kuibadili baadaye video ya biti 8 hakurejeshi kilichokwisha kupotea.

Ya pili ni kuongeza chengachenga hafifu kabla ya kubana, na kukubali faili kubwa zaidi ili zisifutwe tena.

Kwa kuwa runinga nyingi za zamani hazisomi biti 10, ni busara kumpa mteja nakala mbili. Aidha, kazi ikaguliwe kwenye skrini kubwa, ndani ya chumba chenye giza, kabla ya kufuta picha za awali. Harusi hairudiwi.