Njia ya velo: Kasongo, Lusangi, Kabambare

Kule Ulaya kuna muchezo mumoja uliopata nguvu sana miaka hii. Wanauita «gravel», neno la Kiingereza ambalo maana yake ni changarawe tu. Hapa kwetu, kila mutu aliyewahi kushika karai anaijua: njo ile graviye unayoitafuta chini ya udongo, unayoichota na kuiosha mtoni mpaka mgongo unauma. Wao hawaioshi. Wanapanda velo na kupita yulu yake.

Wanaacha barabara ya gudro na kufuata njia za udongo, kati ya mashamba ya ngano na mizabibu, kutoka kijiji cha zamani mpaka kingine. Ufaransa mutu anaweza kuanza asubuhi karibu na kanisa lililojengwa miaka mia nane iliyopita, akala saa sita mbele ya ngome ya mabwana wa zamani, na magaribi akalala ku nyumba ya wageni. Velo yenyewe ina mipira minene, ya milimita 40 hivi, na meno ya kupandia milima, na mara nyingi bei yake inapita yuro elfu moja. Mwaka wa 2022, shirikisho la velo la dunia, UCI, lilifanya mashindano ya kwanza ya dunia ya muchezo huo, katika jimbo la Veneto, kule Italia.

Tukisoma habari kama hiyo, sisi watu wa Maniema ya kusini tunaangaliana. Njia ya udongo? Iko. Changarawe? Iko, na mawe yulu yake. Vijiji vya zamani? Viko. Velo? Tangu wakati wa mababu. Tofauti ni moja: kule mutu analipa apate kuchoka, huku mutu anachoka apate kulipwa.

Chukua njia ya Kasongo kwenda Kabambare, kupitia Lusangi. Hakuna mchimbaji wa upande huu ambaye tumbo lake halina deni ku njia hiyo. Mchele, chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, samaki mukavu, hata sufuria unayopikia karibu na shimo, mingi imepita pale yulu ya magurudumu mawili.

Na njia hiyo ni ya zamani kuliko velo. Kasongo ilikuwa mji mukubwa wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, na kisha wa mtoto wake Sefu. Jina la Tongoni, kule Kasongo ya kwanza, linasema lenyewe: mahali palipobaki mahame. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dhanis, yaliyotumikia mfalme Leopold II wa Ubelgiji, yaliingia Kasongo. Kabambare ilianguka mwezi wa Januari 1894.

Mbele ya hapo, wageni walipita kwa miguu. Livingstone alifika Kabambare mwaka wa 1869, na vidonda vya miguu vikamuzuia huko miezi mingi. Mwaka wa 1876 Stanley alipita Kabambare, akateremka na bonde la Luama mpaka Lualaba, kisha karibu na Kasongo akapatana na Tippu Tip amusindikize kambi 60 kwa dola 5 000. Hata wakati ule, mutu hakupita njia hizi bila kujua bei ya kupita.

Lusangi iko kati ya Kasongo na Kabambare. Pale mutu wa velo anasimamisha muzigo, anaziba mupira, anakunywa maji na kuuliza habari ya mbele: mvua ilinyesha? Daraja iko nzima? Watu walipita jana? Ukiangalia miembe mikubwa ya vijiji hivi, misikiti, kanzu za wazee siku ya Ijumaa, na Kiswahili hiki tunachoandika, unaona alama za misafara. Lakini tusizifurahie nusu. Meno ya tembo yalitoka huku yulu ya vichwa na mabega ya watu, na wengi wao walifungwa minyororo. Njia nzuri ya historia ilikuwa pia njia ya machozi.

Na velo yenyewe ina historia yake na sisi. Mwaka wa 1888 Dunlop alitengeneza mupira wenye upepo kwa ajili ya velo. Ulaya na Marekani zikaanza kutaka kauchu mingi. Serikali ya Leopold ikawatuma watu wa Kongo porini kuitafuta, na asiyeleta kilo alizoambiwa alipigwa, alifungwa, ao aliuawa. Kwa hiyo kabla velo haijafika vijijini kwetu, wazee wetu walikuwa wamekwisha kulipia mipira yake.

Kisha ikafika. Wakati wa Wabelgiji, mfanyakazi aliyerudi kwao na velo, na mashini ya kushona kwa ajili ya bibi yake, alikuwa mutu. Wazee wa migodi, wa makampuni yaliyounganishwa mwaka wa 1976 na kuwa Sominki, wanajua vizuri velo ilikuwa nini ku nyumba: ilikuwa mshahara uliosimama ukutani, unaouona kwa macho. Na wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, kamyo zilipokosa kupita, velo njo ilileta chumvi.

Mwenye kuiona kwa mbali atadhani kazi hiyo ni nguvu tu. Hapana, ni akili. Velo ya muzigo haipandwi, inasukumwa. Fimbo moja ndefu inafungwa ku gido, kwa mkono wa kushoto, ya kuongozea. Nyingine inasimamishwa nyuma ya kiti, ya kusukumia na kuzuilia. Bidoni za mawese za litre 20 zinafungwa mbili huku, mbili kule, na ya tano yulu. Hapo uko karibu na kilo mia moja, bila kuhesabu chakula na blangeti. Muzigo ukilemea nyuma, gurudumu la mbele linaruka. Ukilemea upande mumoja, mkono wa mwenye velo unakufa mbele ya saa sita. Ku mulima wanasaidiana wawili wawili: velo ya kwanza inapanda, wanarudi kuchukua ya pili. Ku materemko, freni peke yake haitoshi. Mwili mzima njo freni.

Sasa tuseme na ninyi wachimbaji, na zaidi na mama wa nyumba. Vijana wengi walifika ku dhahabu ya Namoya na Salamabila kwa njia ya kuuza velo ya nyumbani. Velo inauzwa, inakuwa franka ya safari, chakula cha wiki za kwanza, na sehemu ya kuingilia ku shimo. Shimo likitoa, mutu ananunua moto, na hakuna anayekumbuka velo. Shimo likikaa kimya, ao likijaa maji, mutu anarudi kwa miguu na kukuta nyumba ambayo haina tena kitu cha kubeba manioke sokoni. Muzigo unarudi yulu ya kichwa cha mama.

Hatusemi mutu asichimbe. Tunasema hesabu ifanywe na watu wawili. Shimo linaweza kutoa nyingi siku moja na kukaa miezi bila kitu. Velo haiwezi kutoa nyingi hata siku moja, lakini kila soko inatoa kidogo. Ya kwanza ni bahati, ya pili ni kazi, na nyumba yenye watoto wa masomo inahitaji kujua ni ipi inalipa shule. Kama ni lazima kuuza kitu, mukae chini, baba na mama, museme: tukiuza hii, mavuno ya mwaka huu yatabebwa na nani?

Mwingine atauliza: na moto? Ndiyo, moto inakimbia, na imechukua kazi mingi ya velo. Lakini moto inakunywa. Esanse yenyewe inatoka mbali, na mvua zikianza Septemba, bei yake inapanda pamoja na matope. Kipande kikivunjika katikati ya pori, moto ni muzigo mwingine. Velo ikivunjika, kamba ya mupira wa zamani, waya na jiwe vinaweza kuifikisha kijiji cha mbele. Ndiyo maana miezi ya mvua, moto zinapolala, bado unaona velo zikipita moja moja, zimejaa matope mpaka kiti.

Kinachoua kazi hii ni njia yenyewe: daraja za miti zilizooza, na bariere. Kila kamba inayofungwa njiani inakula kidogo ya muzigo, na mutu wa velo hakuli hasara ile peke yake. Anaiweka ku bei. Anayeimaliza ni wewe uliye ndani ya shimo, unaponunua kipimo cha mchele. Zamani kulikuwa na kantonie, na kila kijiji kilijua kipande chake cha kufyeka na mifereji yake ya kuzibua kabla ya mvua. Vijiji vinavyofanya bado salongo kama hiyo vinaonekana mara moja: pale mutu wa velo anapanda kiti na kupiga pedali. Koperative za wachimbaji, ambazo zinakula kwa njia hii, zingeweza kununua mbao na misumari ya daraja moja kila kiangazi, Juni hadi Agosti, maji yakiwa chini.

Na wewe uliye na moto, ukikutana nao ku mulima, wewe njo usogee pembeni, usiwapigie honi. Mwenye kilo mia moja akisimama katikati ya kupanda, kuanza tena kunamuchukua nguvu ya kilometa nzima.